Kufungwa na Kufunguka: Vifungo Kumi na Hatua Nne za Mzinduko katika Mafundisho ya Kibuddha

Utangulizi

Katika mojawapo ya vikao vya chama chetu vilivyofanyika Kaptagat, mwandishi wa makala hii alipewa dakika kumi aeleze mafundisho ya msingi ya dini yoyote isiyo na wafuasi wengi katika Afrika Mashariki. Aliuchagua Ubuddha. Akaeleza kwamba, kwa mujibu wa dini hiyo, binadamu akifa "huzaliwa upya", na kwamba lengo la mfuasi ni "uamsho". Wasikilizaji kadhaa waliitikia "Amina", na mmoja wao akauliza kama Wabuddha nao hubatizwa kwa maji mengi. Hakuna aliyekusudia mzaha. Waliyapokea maneno kwa maana waliyoyajua.

Kosa lilikuwa la msemaji. Katika Kiswahili cha makanisa yetu, kuzaliwa upya ni kuokoka, jambo la kushangiliwa ambalo aliyelipata hutamani na wenzake walipate. Katika Ubuddha, kuzaliwa tena baada ya kifo ni mzunguko wenye mateso ambao mfuasi hujitahidi kuukomesha. Tafsiri ile, basi, haikuipunguza maana tu, bali iliipindua, ikamfanya Buddha ahubiri kinyume cha alichofundisha. Neno "uamsho" nalo lina historia yake: ni jina la harakati ya Kikristo iliyochipuka Rwanda na Uganda mnamo miaka ya 1930, kisha ikaenea Kenya na Tanganyika. Maneno yote mawili yalikuwa na wenyewe kabla hatujayaazima.

Makala hii inakusudia kulirekebisha kosa hilo kwa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, itaeleza fundisho la vifungo kumi vya akili na hatua nne ambazo mtu hupitia vifungo hivyo vikifunguka. Pili, itajadili istilahi za Kiswahili zinazoweza kulibeba fundisho hilo bila ya kuligeuza kuwa fundisho jingine. Tunaamini kwamba kazi hizi mbili hazitengani. Asiyeielewa tofauti ya kifungo kimoja na kingine hawezi kukitafutia jina, na akikipa jina lisilofaa, msikilizaji wake hataielewa tofauti hiyo.

Usuli wa Fundisho

Buddha si jina la kuzaliwa bali ni sifa. Linatokana na mzizi budh, wenye maana ya kuamka au kutambua, hivyo Buddha ni "aliyeamka". Aliyepewa sifa hiyo ni Siddhattha Gotama, aliyefundisha kaskazini mwa India takriban karne ya 5 kabla ya Kristo. Mafundisho yake yalihifadhiwa kwa mapokeo simulizi kwa vizazi vingi, kisha yakaandikwa kwa lugha ya Kipali katika kisiwa cha Sri Lanka mnamo karne ya 1 kabla ya Kristo. Madhehebu yanayoyafuata maandiko hayo ya Kipali huitwa Theravada, na yana wafuasi wengi Sri Lanka, Myanmar, Thailand, Kambodia na Laos. Orodha tutakayoijadili ni ya maandiko hayo. Madhehebu ya Mahayana hutilia mkazo njia nyingine, ya bodhisattva, ambayo inastahili makala yake.

Tunaandika "Buddha" na si "Buda" kwa sababu ya kivitendo. Katika Sheng, buda ni baba au mzee, na msomaji kijana wa Nairobi au Eldoret angemwona Buddha kuwa mzee wa mtaani.

Fundisho hili si geni kabisa katika eneo letu. Wasinhala kutoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, walifika Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20, na hekalu la Kibuddha lipo katika eneo la Upanga. Nchini Uganda, mtawa Bhante Buddharakkhita, aliyezaliwa mwaka 1966 kwa jina la Steven Kaboggoza, alikutana na Ubuddha alipokuwa mwanafunzi India, akapokea daraja kamili la utawa nchini Marekani mwaka 2002, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe. Kwa hiyo swali la jinsi ya kulizungumzia fundisho hili kwa lugha zetu ni swali la majirani wanaotaka kuelewana.

Pingu, Mnyororo, Nira au Kifungo?

Istilahi ya Kipali ni samyojana. Imeundwa kwa sam, "pamoja", na mzizi yuj, "kuunga" au "kufunga", ambao ndio uliozaa pia neno yoga. Samyojana, kwa hiyo, ni kile kinachofunga kitu kimoja na kingine vikaenda pamoja. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayogombea nafasi hiyo.

Neno la kwanza kumjia mfasiri ni pingu. Hata hivyo, pingu hufungwa na askari, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Anayefungwa hana la kufanya ila kungoja. Aidha, Waswahili husema kwamba maarusi "wamefunga pingu za maisha", na hapo pingu ni heri inayosherehekewa kwa pilau na vigelegele. Mnyororo nao hukumbusha misafara ya watumwa, ambamo mfungaji na mfungwa walikuwa watu wawili tofauti. Maneno haya mawili yanadokeza kwamba kuna mtu mwingine aliyetufunga, ilhali fundisho la Buddha halisemi hivyo.

Nira inakaribia zaidi. Katika mojawapo ya mazungumzo yaliyomo katika maandiko ya Kipali, mtawa Kotthita anamuuliza Sariputta: je, jicho ndilo kifungo cha vinavyoonekana, au vinavyoonekana ndivyo kifungo cha jicho? Sariputta anamjibu kwa mfano wa ng'ombe mweusi na ng'ombe mweupe waliofungwa nira moja. Si kweli kwamba mweusi amemfunga mweupe, wala kwamba mweupe amemfunga mweusi. Kilichowafunga ni nira iliyo kati yao. Vivyo hivyo, jicho halina hatia, wala chenye kuonekana hakina hatia. Kinachofunga ni uchu unaozuka kati ya viwili hivyo. Mkulima yeyote wa Uasin Gishu aliyewahi kulima kwa maksai atauelewa mfano huu bila ya kufafanuliwa. Kasoro ya nira ni kwamba katika Injili ni kitu ambacho mfuasi hualikwa ajitwike, na msomaji Mkristo atasita anapoambiwa aivue.

Tukitazama mofolojia peke yake, fungamano ndilo linalolingana zaidi na samyojana, kwa kuwa kiambishi -man-, kama katika shikamana na andamana, huonyesha vitu viwili vilivyoshikana. Hata hivyo, matumizi yamelipeleka neno hili kwenye siasa na mapatano. Tunazungumzia nchi zisizofungamana na upande wowote, na fungamano ni muungano wa hiari.

Pendekezo letu ni kifungo. Ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi, kama kizibo kutokana na ziba na kifuniko kutokana na funika, nayo hutaja chombo cha kufungia. Kweli, kifungo pia ni adhabu ya jela. Lakini ni kifungo cha shati vilevile, na mfano huo ndio tunaoupenda: kimeshonwa upande mmoja, huingia katika tundu la upande wa pili, na mkono wa mwenye shati ndio unaofunga na kufungua. Zaidi ya hayo, kitenzi funga kinatupatia fungua katika kauli ya kutendua, na kutoka hapo funguka. Mkufu mzima wa maana tunaouhitaji, wa kufungwa, kufungua na kufunguka, umo katika mzizi mmoja.

Vifungo Vitano vya Chini

Vifungo kumi hugawanywa katika mafungu mawili ya vitano vitano. Vya chini humfunga mtu kwenye ulimwengu wa hisi, yaani ulimwengu wa kawaida tunaouishi. Vya juu humfunga kwenye hali za juu zaidi za kuwapo.

Kifungo cha kwanza ni sakkayaditthi. Wengi hukitafsiri kuwa "ubinafsi", na hapo ndipo tafsiri inapopotoka. Ubinafsi katika Kiswahili ni dosari ya tabia: ni uchoyo wa mtu anayejifikiria yeye tu. Sakkayaditthi si tabia bali ni mtazamo. Ni kusadiki kwamba ndani ya mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia au fahamu kuna "mimi" wa kudumu, mwenye kuvimiliki vyote hivyo. Mtu mkarimu kuliko wote kijijini anaweza kuwa nacho sawasawa na bahili. Tunapendekeza "mtazamo wa umimi".

Kifungo cha pili ni vicikiccha, ambacho kwa kawaida huitwa "shaka". Msomi atauliza: je, Ubuddha unakataza kuuliza maswali? La hasha. Wakazi wa mji wa Kesaputta, waitwao Wakalama, walipomweleza Buddha kwamba walimu wengi waliopita kwao wamewachanganya, aliwaambia kuwa wana haki ya kuwa na shaka, akawataka wayapime mafundisho kwa matokeo yake. Kinachofunga ni kule kusimama njia panda bila ya kuchukua njia yoyote, siku baada ya siku. Kiswahili kina neno linalolenga hasa hali hiyo: kusitasita. "Wasiwasi" haufai, kwa kuwa kwa msomaji Mwislamu huo ni mnong'ono wa Shetani, na Ubuddha haumhitaji Shetani ili kukieleza kifungo hiki.

Kifungo cha tatu ni silabbataparamasa, yaani kung'ang'ania kanuni na nadhiri. Maandiko yanasimulia habari za watu wawili waliomwendea Buddha, Punna na Seniya. Mmoja alikuwa ameweka nadhiri ya kuishi kama ng'ombe na mwenzake kama mbwa, hata akawa anakula chakula kilichotupwa chini. Walitumaini kwamba nadhiri hizo, kwa nguvu zake zenyewe, zingewapeleka mbinguni. Buddha aliwaambia kwamba anayejifunza tabia ya mbwa huishia kuwa mbwa.

Hapa Kaptagat mfano wa karibu tunao. Katika kambi ya wanariadha iliyopo hapa ndipo Eliud Kipchoge alipojifua kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, hadi alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 jijini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Sifa ya kambi hiyo ni maisha ya kawaida: wanariadha mashuhuri hulala pamoja na hushika zamu za usafi. Chukulia kwamba kijana fulani anaiga kila kitu: viatu, ugali, maziwa ya mursik, saa ya kuamka. Akidhani kwamba vitu hivyo vyenyewe ndivyo vinavyozaa ushindi, amefungwa na kifungo cha tatu. Ila tusikosee kwa upande wa pili. Kijana huyo akitupilia mbali ratiba yote kwa kuwa "ratiba haikimbii", hatafika popote. Ubuddha hauwaambii wafuasi waache kanuni. Unawaambia wazishike wakijua zinafanya kazi gani. Katika kifungo hiki mzigo wa maana umebebwa na "kung'ang'ania", wala si na "kanuni".

Kifungo cha nne ni kamaraga na cha tano ni byapada. Cha nne ni uchu wa vile vinavyoingia kwa njia ya macho, masikio, pua, ulimi na mwili. "Ashiki" ni jina finyu mno, kwa maana harufu ya nyama choma nayo ni uwanja wa kifungo hiki. "Uchu wa hisi" unatosha. Cha tano ni nia mbaya, kuanzia kuudhika kidogo hadi chuki ya wazi. Neno "kinyongo" linafaa hasa pale ambapo hasira imehifadhiwa moyoni kwa muda mrefu, lakini kwa kuwa si kila nia mbaya huhifadhiwa, tunabaki na "chuki" kama jina la jumla. Vifungo hivi viwili ni ndugu: kimoja huvuta na kingine husukuma.

Vifungo Vitano vya Juu

Msomaji anaweza kudhani kwamba aliyeshinda uchu na chuki amekwisha kufika. Fundisho linakana dhana hiyo. Kifungo cha sita, ruparaga, na cha saba, aruparaga, humpata mtu ambaye ameendelea sana katika kutafakari. Ametulia hata akaonja furaha isiyotokana na hisi, kisha akatamani kubaki humo, katika uwapo wenye umbo jembamba au katika uwapo usio na umbo kabisa. Tunaviita "hamu ya uwapo wenye umbo" na "hamu ya uwapo usio na umbo". Ni kama msafiri aliyefika nyumba ya wageni iliyo nzuri mno hata akasahau kwamba alikuwa safarini.

Kifungo cha nane ni mana. Kamusi zitatuelekeza kwenye "majivuno" au "kiburi", lakini maandiko yanaeleza mana kwa namna tatu: kuwaza kwamba mimi ni bora kuliko fulani, kuwaza kwamba mimi ni sawa naye, na kuwaza kwamba mimi ni duni kwake. Katika Kiswahili, anayejiona duni husifiwa kwa unyenyekevu, au huonewa huruma. Hatumwiti mwenye kiburi. Fundisho hili linasema kwamba naye amefungwa na kifungo kile kile, kwa sababu bado ameshika mizani na bado amejiweka juu yake. Tunapendekeza "kujipima". Wanafunzi waliosubiri matokeo ya mitihani mbele ya ubao wa matangazo hawahitaji maelezo zaidi, wala wahadhiri wanaosubiri orodha ya waliopandishwa vyeo. Hata muda wa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, ambao Kipchoge aliuweka Berlin mwaka 2022, ulipitwa mwaka uliofuata na Kelvin Kiptum, aliyetumia saa 2 na sekunde 35 jijini Chicago. Saa hupima mwendo, na hiyo ni kazi yake halali. Kifungo huzuka pale mtu anapoichukua namba hiyo kuwa ndiyo yeye.

Kifungo cha tisa ni uddhacca, yaani kutotulia. Ni fadhaa nyembamba ya akili ambayo haijatua kikamilifu, kama vumbi linaloendelea kuelea baada ya gari kupita.

Kifungo cha kumi ni avijja. Mfasiri wa haraka ataandika "ujinga", na hapo atakuwa amelikaribisha bila ya kutaka neno lenye historia ndefu ya kisiasa. Tangu uhuru, viongozi wetu wamewatangaza maadui watatu wa taifa kuwa ujinga, maradhi na umaskini, na ujinga huo ulipigwa vita kwa shule na kisomo cha watu wazima. Ikiwa avijja ni ujinga wa namna hiyo, basi mwenye shahada ya uzamifu ameponyoka. Maandiko hayamponyoshi. Avijja ni kutoona mambo jinsi yalivyo: kwamba hayadumu, kwamba kuyang'ang'ania huleta mateso, na kwamba hayana "mimi" wa kudumu ndani yake. Profesa anaweza kuyafundisha hayo yote darasani na bado asiyaone. Tunapendekeza "kutotambua", ambalo lina faida ya kuhusiana na maana ya mzizi budh tuliyoitaja awali. Kifungo cha mwisho ni kutotambua, na Buddha ni aliyetambua.

Hatua Nne

Hatua za kufunguka ni nne, na kila moja hubainishwa kwa vifungo vinavyofunguka, wala si kwa cheo wala kwa miaka ya utawa.

Wa kwanza ni sotapanna, aliyeingia mkondo. Huyu amefunguka kutoka vifungo vitatu vya kwanza: mtazamo wa umimi, kusitasita, na kung'ang'ania kanuni na nadhiri. Inasemwa kwamba hatazaliwa tena zaidi ya mara saba, wala hatazaliwa katika hali duni kuliko ubinadamu. Hapa lugha inatuwekea mtego mpya. "Mkondoni" siku hizi ni kwenye intaneti, na tukiandika "aliyeingia mkondoni" tutaeleweka kwamba mtu huyo amewasha simu yake. Tutumie "mwingia mkondo", bila ya kiambishi -ni, na turudishe akili mtoni. Vijito vya nyanda hizi za msitu wa Kaptagat hukusanyika kuwa Mto Sosiani, unaopita mjini Eldoret, na maji yake hufika Mto Nzoia na hatimaye Ziwa Viktoria. Tone lililoingia katika mkondo huo huenda likapita kwenye maporomoko au likachelewa katika kidimbwi, lakini mwelekeo wake umekwisha kuamuliwa. Mwingia mkondo yuko hivyo. Safari haijaisha, ila hatarudi mlimani.

Ni muhimu kutambua kwamba hatua hii haikuwa ya watawa pekee. Mfanyabiashara Anathapindika na mama Visakha, wote wawili watu wenye familia na mali, wanatajwa miongoni mwa walioifikia. Kisa cha Sarakani kinasisimua zaidi. Alikuwa mtu wa ukoo wa Buddha mwenyewe, wa Washakya, naye alijulikana kwa unywaji wa pombe. Alipofariki, Buddha alisema kwamba Sarakani alikuwa ameingia mkondo. Watu walinung'unika: ikiwa huyu ameingia, nani atakayebaki nje? Buddha hakuurudisha nyuma usemi wake. Alieleza kwamba Sarakani alikuwa ameyatimiza mafunzo kabla ya kufa. Manung'uniko yale yanatufunza jambo: kifungo hufunguka ndani, na jirani anayehesabu chupa hakioni.

Wa pili ni sakadagami, arejeaye mara moja. Hakuna kifungo kipya kinachofunguka kabisa katika hatua hii, lakini uchu wa hisi na chuki hulegea sana. Mtu huyu atarejea katika ulimwengu huu mara moja tu. Kitenzi legea kinatukumbusha kwamba kati ya kufungwa na kufunguka kuna kulegea, na fundisho hili huipa hali hiyo heshima ya kuwa hatua kamili.

Wa tatu ni anagami, asiyerejea. Uchu wa hisi na chuki vimekatika, hivyo vifungo vyote vitano vya chini vimekwisha. Akifa kabla ya kumaliza safari, huzaliwa katika makao safi ya juu, na huko huko hukamilisha kazi bila ya kurudi.

Wa nne ni arahati. Vifungo vyote kumi vimefunguka, na hatazaliwa tena. Neno lenyewe lina maana ya "anayestahiki", na tafsiri sisisi ingekuwa "mstahiki". Bahati mbaya, mstahiki kwetu ni meya wa jiji. "Mtakatifu" na "walii" humweka mtu huyu katika uhusiano na Mungu ambao mafundisho haya hayautaji. Katika hali kama hii ukopaji ni heshima kuliko tafsiri, na tunapendekeza istilahi ibaki "arahati".

Kuhusu safari yote kwa jumla, tumekwisha kuona kwa nini "uamsho" haufai. "Mwamko" umezoeleka katika mwamko wa kisiasa, nao "uzinduzi" ni wa vitabu na miradi. Tumechagua "mzinduko", kutokana na zinduka, kitenzi cha mtu aliyeshtuka kutoka usingizini au kutoka katika hali ya kupotewa na fahamu, akayaona yaliyo mbele yake. Na badala ya "kuzaliwa upya" tuseme "kuzaliwa tena", neno ambalo halijachukuliwa na mimbari kwa kiasi hicho.

Harufu Inayobaki

Msomaji makini atakuwa na swali. Ikiwa mtazamo wa umimi ulifunguka katika hatua ya kwanza, inawezekanaje kujipima, ambako hakuwezi kuwapo bila ya "mimi", kudumu hadi hatua ya nne? Je, si kifungo kimoja kilichohesabiwa mara mbili?

Swali hili liliwahi kuulizwa. Mtawa Khemaka alikuwa mgonjwa karibu na mji wa Kosambi, na wazee wenzake walimtuma mjumbe kumuuliza kama bado anaona "mimi" katika mwili, hisia au fahamu yake. Alijibu kwamba haoni. Basi, wakasema, wewe ni arahati. Akajibu kwamba siye. Mjumbe alienda na kurudi mara kadhaa hadi Khemaka, mgonjwa kama alivyokuwa, akashika mkongojo akawaendea mwenyewe. Aliwaeleza kwa mfano wa nguo. Nguo chafu hupewa dobi, naye huisugua kwa majivu na kuisuuza kwa maji safi. Uchafu umetoka, lakini harufu ya vitu vilivyotumika kuisafisha imebaki. Mwenye nguo huiweka katika sanduku lenye manukato, na polepole harufu ile huisha. Ndivyo alivyokuwa yeye: mtazamo wa "hiki ni mimi" ulikuwa umetoka, lakini harufu ya "mimi nipo" ilikuwa haijaisha. Inasimuliwa kwamba mazungumzo hayo yalipomalizika, wazee wapatao sitini walifunguka kabisa, na Khemaka mwenyewe pia.

Mwenyeji wa Mombasa au Lamu, anayefukiza nguo zake kwa udi au kuzitia asumini sandukuni, atakielewa kisa hiki upesi kuliko sisi wa bara. La kuzingatia ni kwamba tofauti yote kati ya kifungo cha kwanza na cha nane imeegemea juu ya maneno mawili. Mfasiri akiandika "ubinafsi" kwa cha kwanza na "majivuno" kwa cha nane, msomaji ataona dosari mbili za tabia zinazofanana, na swali la wazee wale halitamjia kabisa. Akiandika "mtazamo wa umimi" na "kujipima", ataona kwamba kimoja ni wazo linaloweza kukanushwa, na kingine ni mazoea yanayobaki hata baada ya wazo kukanushwa.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba fundisho la vifungo kumi na hatua nne linaweza kuelezwa kwa Kiswahili sanifu, mradi mfasiri ayachunguze maneno kabla ya kuyatuma. Mara nyingi jibu limepatikana katika unyambuaji wa lugha yenyewe: kifungo, funguka, legea, zinduka, kujipima. Mahali pamoja tumelazimika kukopa. Hatudai kwamba mapendekezo haya ndiyo ya mwisho. Wanafunzi wenzetu na wahadhiri wetu wanaalikwa kuyakosoa, hasa wale wanaoijua misamiati ya dini zetu kuliko mwandishi.

Kuna mwanachama mmoja ambaye mwandishi anadaiwa naye jibu. Ni yule aliyeuliza kule Kaptagat kama Wabuddha hubatizwa kwa maji mengi. Swali lake lilikuwa la haki kwa maneno aliyopewa. Jibu ni kwamba la, hawabatizwi, na kwamba kuzaliwa tena, ambako msemaji alikusifu mbele yake kana kwamba ni zawadi, ndiko wanakotaka kukukomesha.